Sikitu Binti Ubaid

Takaungu nzima hapakuwa na Sikitu mwingine. Madrasani wasichana waligawana majina yale yale, akina Khadija, akina Maryam, akina Zainabu, hata ustadhi akawa huwaita kwa majina ya baba zao ili asiwachanganye. Sikitu hakuhitaji jina la baba. Ukimtaja, kila mtu alijua unamsema binti wa Ubaid mwashi, yule mwembamba mwenye macho makubwa, mtoto wa pekee wa Fatu.

Mpaka alipoanza shule hakuwa amelifikiria jina lenyewe. Lilikuwa sauti tu, sauti iliyotoka jikoni jioni na yeye akaacha mchezo akakimbia nyumbani. Aliyemfanya alisikie kwa mara ya kwanza ni mwalimu Kioko, mgeni aliyekuja kutoka bara muhula ule. Alikuwa akiita majina darasani, akafika kwake, akasita.

"Sikitu Ubaid."

"Nipo, mwalimu."

Mwalimu akainua uso. "Hebu rudia. Waitwa nani?"

"Sikitu."

"Si kitu? Sasa nani amekwambia wewe si kitu?"

Hakukusudia ubaya. Pengine alitaka kumfariji. Lakini darasa liliangua kicheko, na kicheko kile hakikuishia siku ile. Chaki ikipotea, mmoja aliuliza nani kaichukua, wengine wakaitikia, "Si kitu!" Mlango ukigongwa na upepo, "Nani huyo?" "Si kitu!" Njiani wavulana walimpisha kwa adabu ya mzaha, wakiambiana, "Piteni tu, hapa hapana kitu."

Siku ya kwanza alirudi nyumbani akamkuta mama yake kaketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama, kwa nini mimi naitwa Sikitu?"

Fatu hakuinua kichwa. "Kwani wataka uitwe nani?"

"Watu wasema maana yake mimi si kitu."

"Waache waseme."

"Lakini ndiyo maana yake?"

Mkono wa Fatu ulisimama, kifuu cha nazi kikiwa kimeegemea meno ya chuma, kisha ukaendelea. "Ni jina kama majina mengine. Haya, kampe baba yako maji anawe."

Lingekuwa jina peke yake, huenda Sikitu angelizoea. Lakini jina lilikuwa na ndugu zake. Mgeni akiingia akasema, "Mashallah, Fatu, binti yako kapendeza," Fatu alimkatiza kabla hajamaliza. "Kapendeza wapi huyu? Mtazame miguu, kama vijiti vya ufagio." Mwaka aliokuwa wa kwanza katika mtihani, Ubaid alifurahi hata akatoka kuwaambia wenzake barazani; Fatu akamvuta mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Kabahatisha tu." Siku za Idi wenzake walitoka wamepakwa hina mpaka viwikoni, nguo zinameta. Yeye alitoka na gauni la mwaka uliopita, nywele zimefungwa ovyo, na doa la wanja nyuma ya sikio ambalo mama yake alilipaka bila kusema ni la nini. Hakuruhusiwa kupigwa picha. Shangazi mmoja alikuja na simu yenye kamera akataka kumpiga, Fatu akasimama katikati, akasema, "Usipoteze picha zako bure."

Yalikuwapo na mengine. Akipata homa, Fatu hakufumba jicho. Akichelewa kurudi kutoka madrasani, alimkuta mama yake katikati ya kichochoro hana viatu, katoka mbio, na akimfikia alimshika mabega kwa nguvu mpaka yakauma. Lakini hayo Sikitu hakuyahesabu. Alihesabu maneno.

Alipokwenda sekondari Kilifi alipata rafiki, Kahaso, msichana wa Kigiriama kutoka upande wa Ganze. Kahaso alipenda kusimulia habari za kwao, nani kamzaa nani, nani kaitwa jina la nani. "Mimi ni bibi yangu mzaa baba," alisema mara moja, wakifua sare. "Sijazaliwa, jina langu lilikuwa tayari lanisubiri. Hata babu huniita mke wangu. Na wewe, hilo jina ni la nani kwenu?"

"Si la mtu."

"Haiwezekani. Lazima kuna mtu."

"Nimekwambia si la mtu," Sikitu akasema, na Kahaso akaona machozi yake, akakamua shati lake kimya.

Alipomaliza shule alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko Bofa, ufukweni Kilifi. Siku ya kwanza, Cynthia, msimamizi wake, alimuuliza wamwandike jina gani kwenye beji. Sikitu aliitazama ile meza safi, na sakafu inayong'aa ambako hapana aliyewahi kumcheka.

"Sakina," akasema.

Lilimtoka kirahisi, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni siku zote. Kwa muda wote aliofanya kazi pale hakuna aliyelitamka jina lake jingine. Wageni walisema ni jina tamu. Na fundi wa viyoyozi aliyekuwa akitoka Malindi kuja kutengeneza mitambo ya hoteli, kijana mpole aitwaye Amjad, alilitamka taratibu kila alipoaga, "Haya, Sakina," naye akabaki na sauti ile masikioni mpaka siku atakayorudi.

Amjad alipoleta posa Takaungu ndipo alipolijua jina la kweli. Hakucheka. Alisema, "Mimi nimekujua Sakina, basi." Lakini siku ya ndoa, shekhe aliposoma kwa kipaza sauti "Sikitu binti Ubaid," upande wa wageni waliotoka Malindi walitazamana, na wanawake wawili wakaficha nyuso ndani ya buibui mabega yakitikisika. Bibi harusi aliwaona. Bi Shahida, mama yake Amjad, naye aliwaona, akamwinamia mkwewe akamnong'oneza, "Kwetu Malindi, mtaani Shella, utakuwa Sakina, mwanangu. Hilo jingine liache hapa hapa."

Akaliacha. Mwaka ule ule alibadilisha jina mpaka kwenye kitambulisho, kisha akaenda Takaungu kumwambia mama yake. Alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi. Fatu alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa chenga moja akaitupa.

"Sawa," akasema.

"Hukukasirika?"

"Umeshakuwa mtu mzima. Hapana ubaya sasa."

Sikitu hakuelewa neno hilo "sasa", wala hakuuliza. Lakini toka siku ile mama yake hakumwita kwa jina la kale wala jipya. Akipiga simu alianza tu, "Ni mimi. Mwaendeleaje?"

Alipopata mimba, Fatu alikwenda Malindi kumtazama. Alimletea maembe mabichi na chumvi ya pilipili, akamsugua miguu iliyovimba, akafagia uani ijapokuwa Bi Shahida alimkataza. Alikaa hivyo, mkimya na mwenye shughuli, mpaka alasiri moja walipobaki wawili chumbani.

"Nina jambo moja tu," Fatu akasema. "Mtoto akizaliwa msimpe jina kubwa. Mwiteni jina lolote, la ovyo, mpaka akue kidogo. Na msimtoe nje kwa watu."

Sikitu aliinuka akaketi kitako. "La ovyo kama langu?"

Fatu akavuta ncha ya leso yake.

"Mama, wajua nimeishi vipi na jina lile? Wajua waliniita vipi shuleni? Umesema nina miguu kama vijiti. Umesema nabahatisha. Na kila uliponiita, tangu asubuhi mpaka usiku, uliniambia mimi si kitu. Na sasa wamtaka na huyu?"

"Sikukuita kwa ubaya."

"Basi uliniita kwa nini? Nambie leo."

Fatu alifungua kinywa. Akalitazama tumbo la mwanawe, akakifunga tena.

"Hukunipenda," Sikitu akasema. "Ndiyo maana hukuwa na jina la kunipa. Mtu ampendaye mtoto wake hamwiti hivyo."

Asubuhi yake Fatu alikunja leso zake, akamshukuru Bi Shahida kwa wema wake, akarudi Takaungu.

Mtoto alizaliwa msichana. Walimwita Afiya. Lilikuwa chaguo la Sikitu mwenyewe, alilipata baada ya kuyaonja majina mengi usiku kwa usiku pamoja na Amjad, mmoja akitaja, mwenzake akikataa, mpaka walipofika kwenye hilo wakanyamaza wote wawili. Alitaka mtoto wake akiulizwa maana ya jina lake ajibu bila kuinamisha kichwa. Siku ya akika nyumba ilijaa. Bi Shahida alimzungusha mjukuu wake chumba hadi chumba, akampiga picha na kuzituma kwa jamaa wa Mombasa mpaka wa Maskati, na majibu yakamiminika, mzuri, mzuri, mashallah mzuri.

Kutoka Takaungu alikuja Ubaid peke yake. Alileta kuku, kibuyu cha samli, na kichupa kidogo cha wanja.

"Mama yako asema umpake kidogo nyuma ya sikio," akasema, kwa aibu ya mtu aliyetumwa asichokielewa vizuri, au anachokielewa mno.

"Yeye mbona hakuja?"

"Hajisikii vizuri."

Sikitu alikitia kile kichupa ndani ya droo.

Walianza kuingiwa na wasiwasi mtoto alipokuwa ananyonya. Alichoka haraka, akatoka jasho kichwani, akaliachia titi akilia kwa njaa. Kisha midomo yake ikawa inageuka rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Daktari wa Malindi alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu, akampima kwa mashine, akawaketisha. Mtoto alikuwa na tundu moyoni, akasema, kubwa, kazaliwa nalo. Angepelekwa Nairobi kupasuliwa, lakini kwanza apate nguvu kidogo.

Hakupata nguvu. Walikuwa bado wanangojea siku ya safari, Afiya akiwa kifuani kwa mama yake, wodini, jua la asubuhi likiingia dirishani. Alipiga miayo, akajinyoosha kama atakaye kulala. Sikitu alimpigapiga mgongoni na kuendelea kuzungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili. Ni yule mgonjwa aliyeona. "Mwanangu," akasema, "hebu mtazame mtoto."

Walipomrudisha nyumbani Shella wanawake walikuwa wameshajaa. Sikitu aliketishwa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Hakulia. Watu waliingia, wakamkumbatia, wakamwambia subira, akawaitikia. Kisha mlangoni akaingia Fatu, buibui limejaa vumbi la njia, viatu mkononi.

"Umekuja," Sikitu akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa hata wanawake wakaacha kusoma. "Haya, tazama. Nilimpa jina zuri, nikamtoa kwa watu, nikampiga picha. Amekufa. Sema sasa, mama. Sema ulinionya."

Bi Shahida alimshika mkono. "Sakina, mwanangu, huyu ni mama yako."

"Aseme!"

Fatu alisimama pale pale. Uso wake haukuwa na hasira wala machozi. "Mtoto yuko wapi?" akauliza.

Alikuwa amelazwa chumba cha nyuma. Mwanamke wa mtaa aliyezoea kuosha maiti alikuwa ameshatayarisha maji ya majani ya mkunazi, kafuri na pamba. Fatu alipandisha mikono ya nguo. "Huyu nitamwosha mimi," akasema, na yule mwanamke, alipomtazama usoni, akampisha bila maneno.

Sikitu alibaki ukutani kwa muda. Kisha akasikia sauti. Mwanzo hakuijua ni ya nani. Ilikuwa ya chini, laini, ya kubembeleza, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika nyumba yao ya Takaungu. Akainuka, akaifuata mpaka mlango wa chumba cha nyuma.

"Karibu, malkia wangu," Fatu alikuwa akisema, akimmiminia maji polepole begani. "Karibu, lulu yangu. Hebu nivione vidole hivi, nani kavichonga? Hebu nizione kope. Mzuri weye, mzuri wa wazuri. Hapana kama wewe Shella, hapana Malindi, hapana pwani yote. Umemshinda hata mama yako, na mama yako alikuwa mzuri mpaka nikaogopa kumtazama."

Sikitu alishika mwimo wa mlango.

"Mama."

Fatu hakugeuka. "Njoo umshike kichwa. Maji yasimwingie masikioni."

Alipiga magoti akakishika kichwa cha mwanawe kwa viganja viwili. Alitazama jinsi mikono ya mama yake ilivyokwenda, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, bila kusitasita, ikijua pa kuinua na pa kuacha.

"Wajua kuosha watoto," akasema.

"Nimeosha wangu watatu."

Yule mwosha maiti alitoka taratibu akavuta pazia.

"Kabla yako," Fatu akasema. Alikuwa bado anaosha, na maneno yalitoka kwa mwendo ule ule wa mikono. "Wa kwanza Raihani. Huyo alikuwa ashaanza kukaa mwenyewe, ukimwekea mto nyuma. Akaja Munira. Akaja Jamali, huyo hakutimiza hata arobaini. Majina yao niliyatafuta mimi. Niliuliza wenye elimu maana zake, nikayarudia peke yangu jikoni. Ulipokuja wewe sikutafuta. Sikuwa na nguvu ya kutafuta. Bibi mmoja jirani akaniambia, huyu mwite Sikitu. Kifo kikija mlangoni kikauliza, humo ndani mna nini? Mjibu, si kitu. Kitapita."

"Na ukaamini?"

"Sijui kama niliamini. Niliogopa kutoamini."

Sikitu aliutazama uso uliokuwa viganjani mwake. "Basi mimi ndiye niliyemuua. Nimempa jina, nimemtangaza..."

"Nyamaza!" Ndiyo mara ya pekee siku ile Fatu alipopaza sauti. "Usiseme hivyo, tena mbele yake. Daktari kasema ni moyo. Na wale wangu pengine nao walikuwa na lao, sema hapakuwa na wa kututazamia. Jina halikukulinda wewe. Lilinisaidia mimi nipate usingizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipokuwa mdogo niliogopa kuwataja, wasije wakakuita. Ulipokuwa mkubwa ulikuwa umeshanikasirikia. Na siku ile hapa Malindi ulikuwa na mimba. Ningekutajia habari za maiti vipi?"

Wakamfuta pamoja. Wakamtia kafuri, wakamvika sanda, kitambaa kidogo kisichozidi leso ya mkononi kwa macho ya Sikitu. Amjad akaja akampokea mikononi, hata jeneza halikuhitajika, na wanaume wakaondoka naye. Hapo ndipo Sikitu alipolia, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na Fatu akamwacha alie bila kumwambia subira.

Baada ya matanga Sikitu na mama yake walirudi Takaungu pamoja. Amjad aliridhia, naye hakuweza kuketi ndani ya nyumba yao ya Shella, alikuwa anatoka alfajiri na vifaa vyake na kurudi giza limeshaingia.

Siku moja Ubaid alimchukua binti yake mpaka makaburini. Hakusema mengi njiani. Alimwonyesha mawe matatu madogo karibu na ukuta, ya matumbawe, yamechongwa kwa ustadi kuliko mengine yote pale, nyuso zake laini, hayana maandishi.

"Hawa ndio wakubwa zako," akasema. "Nilitaka kuchonga majina. Mama yako akakataa."

Sikitu aliinama akapitisha mkono juu ya jiwe la kwanza. Alikuwa amekua akijiona hana ndugu, na kumbe alikuwa wa nne.

Fatu alirudia shughuli zake. Alipika, alifua, alimlazimisha kula. Maneno yale ya chumba cha nyuma hayakurudi tena kinywani mwake. Sikitu aliyangojea. Akipewa uji alingojea, akiitwa alingojea, ijapokuwa hakuitwa kwa jina. Mwisho, adhuhuri moja, Fatu alipokuwa anamchana nywele uani, alishindwa kungoja.

"Mama. Yale maneno uliyomwambia Afiya."

Kitana kikasimama.

"Niambie na mimi. Mara moja tu. Sitakusumbua tena."

Fatu alikitia kitana mapajani. Sikitu aligeuka akamtazama. Alimwona mama yake anakusanya pumzi, midomo inatafuta pa kuanzia. "Wewe..." Fatu akasema. "Wewe ni..." Akautazama mlango wa uani. Akalitazama dirisha la jirani. 

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Yule hana wa kumchukua tena. Wewe bado uko hai."

Sikitu alimtazama mwanamke yule, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi alivyochoka, kukaa miaka yote hiyo mlangoni, akimzuia mtu asiyeonekana. Hakumkasirikia. Lakini kuelewa hakukumpunguzia njaa aliyokuwa nayo. Akageuka tena, akamwachia nywele, na Fatu akaendelea kuchana.

Amjad alikuja kumchukua na gari la rafiki yake. Alikuwa amekonda. Walikula pamoja wali na samaki wa nazi, wakazungumza habari za mvua. Walipoaga, Fatu hakubaki kizingitini kama desturi yake. Alimshika Sikitu mkono akatoka naye, wakapita vichochoro vyote mpaka mahali gari lilipoegeshwa, mbele ya watu wote waliokuwa mabarazani. Mwanamke mmoja akasema, "Mashallah, Fatu, binti yako kachukua sura yako." Fatu hakumjibu. Hakutaja miguu, hakutaja vijiti. Aliubana tu ule mkono, na hakuuachia mpaka Amjad alipowasha gari.

Walikuwa wameshavuka daraja la Kilifi ndipo Amjad aliposema, "Sakina."

"Nataka uniite Sikitu."

Alimsimulia yote. Amjad aliendesha akisikiliza, na mkewe alipomaliza, akajaribu. "Sikitu," akasema, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika kitu cha mwenziwe. Sikitu alidhani sasa litasikika tofauti. Halikusikika tofauti. Bado liliuma pale pale lilipouma siku zote, ila sasa alijua ni kwa nini. Akageuza uso dirishani.

"Nisiliseme?" Amjad akauliza.

"Liseme. Nitazoea."

Nyumbani Shella hapakuwa na mtu. Bi Shahida alikuwa amekwenda kwa dada yake. Chumbani kitanda cha mtoto kilikuwa bado kimesimama kando ya chao, chandarua kimeshushwa. Amjad alisema alijaribu kukiondoa mara nyingi, akashindwa kuanza. Akaleta bisibisi yake ya kazini. Sikitu alikunja chandarua, akakikunja tena kikawa kidogo kabisa, akashika mbao huku mumewe akifungua skrubu moja baada ya nyingine. Walipofika ubao wa mwisho Amjad aliweka bisibisi chini, akajiinamia, akaanza kulia, kwa sauti, kama hakuwa amelia siku zote zile. Sikitu akaketi sakafuni kando yake, kati ya zile mbao, akamshika.